Unene wa Chebet

Mogogosiek, 12 Agosti. Asubuhi ukungu mzito na baridi.

Mama, hujambo? Shambani nilimsikia mdogo wangu Chebet, ambaye sijamwona tangu aolewe, akiniita, lakini ukunguni akatokea mtu nisiyemjua: uso wa mviringo, tumbo kubwa, mikono myembamba kama vijiti.

"Dada, ni mimi. Mbona unarudi nyuma?"

Wachumaji chai wenzake wakacheka, "Ndoa imemkubali huyo!"

Na anakula kidogo tu. Daktari aliyemwona awali anashuku tezi zilizo juu ya figo zinatoa homoni kupita kiasi. Lakini Chebet alikataa kupimwa na kutibiwa, eti akikonda watu watasema mumewe hamlishi. Jioni akanionyesha michirizi ya zambarau tumboni, akanong'ona, "Ngozi hii si yangu. Nipeleke hospitali kesho."

Akikupigia, Mama, usimsifu unene. Mwombee. Nakupenda sana.

Nalala sasa, saa nne usiku. Yeye bado ameketi gizani, anajipapasa uso.