Mlango Nyuma ya Mama

3 Mei

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini kikohozi kimekuachia. Sisi huku ni wazima. Mama Mdogo anakusalimu na anasema picha hazijazi sufuria, lakini jana nilimkuta akimringia jirani kwa kadi hii.

Itazame, Mama. Ni wewe! Ni ile picha niliyokupiga likizo, hapo kwenye kiwanda chenu cha kufulia, uko kwenye pasi ya mvuke, mashuka ya hoteli yamekuzunguka, nawe unacheka. Mwalimu wa klabu yetu ya picha ameichagua ichapwe kwenye kadi za mwaliko wa maonyesho. Kila jioni baada ya masomo anatukumbusha: kabla ya kubonyeza, kagua pembe zote nne, maana jicho hupenda uso likasahau mengine. Na mtu akikataa kupigwa, kamera inashuka.

Najua simu zenu hubaki getini, kwa hiyo nampa dereva wa lori la mashuka akuletee.

Binti yako

9 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Kikohozi kimepungua. Kadi nimeificha chini ya godoro, hapa bwenini.

Hukukagua pembe. Tazama nyuma ya bega langu la kushoto: mlango wa dharura, mnyororo, kufuli. Msimamizi wetu, yule tunayemwita Mluzi, huufunga tukiwa ndani, eti tutatoroka na mashuka. Wakaguzi wakija, kufuli linaingia mfukoni mwake, naye anapiga mluzi kama ndege wa asubuhi. Akiiona picha hiyo, sina kazi, nawe huna ada.

Iondoe. Usimwambie mtu sababu.

Mama yako

13 Mei

Mama,

Shikamoo. Nisamehe. Nilitazama tabasamu lako tu.

Mwalimu aliuliza kwa nini. Nikasema mwenye sura amekataa. Akasema, "Basi. Sheria ni sheria hata ikituuma," akaishusha ukutani mbele yangu. Mimi na rafiki yangu tumepita nyumba kwa nyumba kurudisha kadi. Wengine walitucheka: "Maonyesho yamekufa hata hayajazaliwa?" Kadi moja hatukuipata. Alipewa mama mmoja ambaye mumewe ni mhasibu wa kiwanda chenu.

Lakini Mama, moto ukiwaka mtatokea wapi? Usinijibu kwamba Mungu yupo. Najua yupo. Nauliza mlango.

Binti yako

25 Mei

Mama,

Shikamoo. U mzima? Dereva amerudi mara mbili mikono mitupu, na nikimuuliza anajifanya anakagua matairi. Mama Mdogo hatanii tena.

Maonyesho yamepita. Nafasi yangu ukutani ilibaki tupu. Walitaka niweke picha ya paka, nikakataa.

Niandikie hata neno moja. Hata la kunigombeza.

Binti yako

30 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Mimi ni mzima, ondoa hofu.

Kadi ilimfikia Mluzi. Aliniita ofisini, akaniambia nikitaka kubaki kazini niwatangazie wenzangu kwamba picha ni ya uongo, nao waseme hivyo wakaguzi wakiuliza. Nikaenda kusimama mbele yao. Sikufichi, nilikuwa tayari kusema hivyo; nilifikiria ada. Lakini nikakumbuka swali lako. Nikawauliza wao: moto ukiwaka, tutatokea wapi?

Mpiga pasi mkongwe kuliko sisi wote akanyoosha mkono, akazima mashine yake. Ya pili ikazimwa. Ukimya ule sijawahi kuusikia humo ndani.

Tangu juzi tunakaa uani, na hatuingii mpaka kufuli litoke. Bado lipo. Kama kazi tunayo au hatuna, hatujui. Dereva amekatazwa kubeba barua. Hii ameitia ndani ya soksi, utamsamehe harufu.

Njoo Jumamosi na kamera, uje na mwalimu wako. Wote wametoa ruhusa, isipokuwa mkunja mashuka mmoja: anasema hapigwi picha na kichwa hiki. Tunamsuka sasa hivi, Mluzi akitutazama dirishani.

Mama yako