Theluji ya Kumpelekea Baba

Al Wakrah, karibu na Doha
12 Oktoba 2012

Kwa Baba mpendwa,

Hujambo Baba? Mgongo nao? Mimi ni mzima, ila joto la huku halijui kwamba ni Oktoba. Barua hii anakuletea Nafula, tunayesali naye kanisani Mesaimeer, anakuja likizo. Najua simu huitaki, unasema maneno yake hayasomwi mara ya pili.

Baba, keti kwanza. Madam anataka kuipeleka familia nzima Uswisi mwezi wa Desemba, shule zikifungwa, wakateleze kwenye theluji! Watu wanafunga mbao ndefu miguuni halafu wanajiachilia kutoka mlimani. Kwa hiari yao! Sebuleni watoto wanajaribu suruali nene kama godoro, na nje jua linachoma. Madam yuko kwenye simu tangu asubuhi. Kila hoteli anayoipigia imejaa, maana huko nako shule zinafungwa wakati huo huo. Akipata vyumba, nami nitaenda kumwangalia Lulwa, kitinda mimba wao.

Weupe ule ule wa Mlima Kenya, Baba, tunaouona mlangoni petu. Mimi, niuguse! Nikiwaza tu mwili unasisimka.

Binti yako,
Wini


Naro Moru
3 Novemba 2012

Kwa Mama yangu Wini,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Una jina la mamangu, kwa hiyo nitakuita Mama mpaka nife, hata kama Waarabu wako watashangaa. Mgongo haujambo. Macho ndiyo. Usicheke hizi herufi kubwa kama za mtoto wa chekechea. Daktari wa Nyeri anasema ni presha ya macho, na kilichokwisha kuondoka hakirudi. Tangu tuvune viazi sijauona mlima. Asubuhi nasimama mlangoni, nainua mikono kuuelekea kama mamangu alivyonifundisha, na mbele yangu ni ukungu. Naomba hivyo hivyo. Ngai, Mungu wetu akaaye huko juu, anajua niliposimama.

Maisha yangu yote nimeutazama ule weupe na sijaufikia. Sasa mtoto wangu ataugusa! Kuishi kwingi ni kuona mengi, hata kwa asiyeona. Nenda, Mama. Nenda kwa niaba yangu, uniandikie jinsi ulivyo mkononi, niisome mwenyewe kabla nuru hii kidogo haijazimika. Na usiukanyage hivi hivi kama mtu anayekwenda dukani.

Baba yako,
Ndirangu


Al Wakrah
30 Novemba 2012

Baba yangu,

Natumai umeamka salama. Pole. Pole sana. Barua yako niliisomea bafuni ili watoto wasinione nikilia.

Nami sina habari njema. Vyumba vimepatikana lakini vichache, na kila siku binamu mmoja anaongezeka. Leo madam ameniita akaniambia kwa upole, "Wini, kitanda hakuna. Utabaki." Nikasema sawa, madam. Sawa gani, Baba? Nimekunja sweta za watu jioni nzima huku machozi yakizilowesha. Nilikuwa nimeshakuahidi moyoni.

Nisamehe,
Wini


Uswisi
27 Desemba 2012

Baba! Baba! Hujambo? Niko hapa!

Aliyeniokoa ni Bibi, mamake madam. Alikaa kitini mbele ya masanduku akasema, "Theluji mimi nitaisalimia dirishani. Lakini siachwi peke yangu chumbani. Wini analala kwangu. Yalla, twendeni." Nani angembishia?

Tulifika giza limeingia, sikuona kitu. Asubuhi nikafungua pazia. Mungu wangu! Milima, Baba, si mmoja. Myeupe mpaka chini, mpaka juu ya mapaa, mpaka juu ya magari, na kimya. Bibi akasema Subhanallah, mimi nikasema Ngai wakwa, tukajikuta tumeshikana mikono.

Tulipotoka nikakumbuka neno lako. Nikavua viatu. Na soksi. Nikainua mikono nikaomba, watu wamesimama na mbao zao wananitazama. Madam anapiga kelele, "Wini, una wazimu?" na Lulwa naye ameshaanza kuvua vyake! Baba, theluji haianzi na baridi. Inaanza kwa kuchoma, kama sufuria ya moto. Halafu miguu inapotea, hujui kama unayo. Mkononi ni nyepesi kuliko unga; ukiibana inalia kidogo, kisha ni maji. Niliogopa, Baba, lakini ni uoga ambao sikutaka uishe.

Nimejaza chupa. Najua itayeyuka, usinicheke. Collins wa kanisani ataileta Januari pamoja na barua hii.

Binti yako,
Wini


Naro Moru
24 Februari 2013

Kwa Mama yangu,

Sisi hatujambo, mvua tu ndiyo tunaingoja. Mwandiko huu ni wa dada yako Edith. Mimi nasema, yeye anaandika. Nadhani umeelewa. Nuru haikuingoja barua yako. Usiende kulia bafuni: nimesomewa mpaka sasa namtangulia Edith kwa maneno.

Chupa ilifika. Asubuhi nikatoka nayo, Edith akinishika mkono. Nikamuuliza, mlima umejitokeza? Akasema ndiyo. Na weupe? Akaukaza mkono wangu. Mwishowe akasema, "Baba, umebaki kidogo tu, kule juu kabisa." Kumbe ulikuwa unapungua miaka yote hii, na mimi nalaumu macho yangu!

Nikavua viatu. Nikajipaka maji yako usoni. Yalikuwa vuguvugu, Mama, lakini nilitetemeka mwili mzima. Yaliyobaki niliyamwaga chini kuelekea mlimani, nikaomba. (Edith hapa: alilia sana, hataki niandike.)

Wenye theluji wakikuuliza ile uliyochukua iko wapi, waambie tumeurudishia mlima wetu.

Baba yako,
Ndirangu