Mwanakondoo Hakuulizwa

Kamachumu, 22 Aprili 2025

Mwanangu Felicitas,

Nakusalimu kwa furaha ya Bwana aliyefufuka. Hujambo wewe, na wanafunzi wako wa huko Chanika hawajambo? Mimi mzima, ila masikio yamezidi kugoma. Kwenye simu nasikia mvumo tu, kwa hiyo vumilia barua za mzee. Hii nimempa kondakta wa basi pamoja na senene kidogo wa kukaanga.

Sitazunguka. Kaka yako Revelian anaisha. Mkewe Anjelina ameandika kuwa figo zote mbili zimekataa, kila wiki anapelekwa kusafishwa damu, karakana yake ya Manzese imefungwa, na daktari anataka ndugu wa kumpa figo moja. Jana, Jumatatu ya Pasaka, tulikaa kikao cha ukoo, mimi na baba yako mdogo Gaspar na wengine. Tumekuona wewe. Dada zako wana waume na watoto wadogo. Wewe Mungu amekuacha huru, huenda ni kwa kazi hii.

Ijumaa Kuu padre alikuwa na vigango vingi vya kuzungukia vijijini, nikaongoza ibada mimi, kama nilipokuwa katekista. Nilifundisha habari za Mwanakondoo: jinsi Waisraeli walivyopaka damu milangoni kifo kikawapita, na jinsi Bwana wetu alivyokubali kuwa Mwanakondoo huyo, akanyamaza mbele ya waliomuua, ili sisi tuishi. Nilipokuwa nasema hayo, uso niliouona ni wako. Nenda ukapimwe, mwanangu.

Baba yako,
Theonest


Chanika, 4 Mei 2025

Baba mpendwa, shikamoo.

Barua imefika, na senene wamefika wakiwa bado wazuri. Natumaini kifua hakikusumbui na baridi ya huko. Mie mwili hauna neno.

Jumamosi nilikwenda Manzese. Kaka amevimba miguu, na uso umekuwa wa mtu mwingine. Nilimkuta mlangoni mwa karakana, anaitazama mashine ya kuranda mbao iliyofunikwa turubai. Hakuniomba chochote, tuliongea habari za mpira tu. Anjelina alinipikia ndizi, akanisindikiza mpaka kituo cha mabasi ya mwendokasi, naye hakuniomba. Ila watoto wameshaambiwa na mtu, maana yule mdogo alinishika tumbo akauliza, "Shangazi, iko upande gani?"

Nimeanza vipimo, Baba. Nimetii. Lakini tangu nisome barua yako sikai mahali. Naandika ubaoni, nasahau nilichokuwa nafundisha. Naloweka nguo, naziacha kwenye beseni, naondoka kutembea mpaka kwenye mashamba ya mihogo, narudi, natoka tena. Kinachonisumbua si kisu tu. Ni kwamba mmenichagua kwa kuwa sina wa kunililia.

Na lile fundisho lako halitoki kichwani. Yule mwanakondoo wa Misri alishikwa zizini kwa sababu hana ila. Hakuna aliyemuuliza. Lakini Yesu, kama ulivyotufundisha wewe mwenyewe, alipiga magoti bustanini akaomba kikombe kimpite. Aliogopa mpaka jasho likamdondoka kama damu. Alikuwa na nafasi ya kukataa, ndiyo maana kukubali kwake kukawa kukubali. Je, mie mnataka niwe yupi kati ya hao wawili?

Mwanao,
Felicitas


Kamachumu, 15 Mei 2025

Felicitas,

Natumaini u mzima. Huku mvua imezidi, kahawa haikauki.

Nimesoma barua yako na sikuipenda. Hao si wawili. Mwanakondoo wa Misri alikuwa kivuli cha yule atakayekuja. Hilo nimelifundisha tangu hujazaliwa. Na usiingie bustanini na Bwana ili upate njia ya kukimbilia. Yeye hakukimbia. Alisema mapenzi ya Baba yatimizwe. Na wewe una baba.

Maliza vipimo.

Theonest, baba yako


Chanika, 21 Juni 2025

Baba, shikamoo.

Sijui kama hali yako ni njema, ila najua umeshasikia. Acha nikueleze mwenyewe.

Vipimo vilikubali. Daktari alisema mie na kaka tunafanana ndani kama kurwa na doto. Anjelina alilia. Kisha yule daktari, mama wa makamo, akawatoa wote nje, akafunga mlango, akasema ndio utaratibu wao. Akaniuliza, "Unatoa kwa kutaka mwenyewe?"

Nilifungua mdomo, Baba, hakikutoka kitu. Alisubiri. Akauliza kama kuna anayenilazimisha. Nikamjibu, "Baba yangu ni katekista." Sijui kwa nini nilisema hivyo. Akafunga faili taratibu, akaniambia hawezi kumpasua mtu aliye katika hali hiyo, nirudi siku nitakayoweza kujibu.

Kaka aliambiwa pale pale koridoni. Hakunitukana. Alisema, "Basi," akaomba arudishwe nyumbani, na tangu hapo hasemi nami. Baba mdogo Gaspar amenitumia ujumbe akaniita Kaini. Nimeshapanda gari kurudi kwa daktari nikashuka njiani. Nimepanda tena, nikashuka tena.

Usiponijibu nitaelewa.

Mwanao,
Felicitas


Kamachumu, 30 Agosti 2025

Mwanangu Felicitas,

Hujambo mama? Unakula? Unalala? Nauliza nikijua kuwa ukimya wangu umekunyima vyote viwili.

Sikukujibu kwa sababu ya hasira. Mwisho nikasema, kama mtoto ameshindwa, atakwenda mzee. Nikashuka Bukoba mjini, hospitali, nikamwambia daktari achukue figo yangu ampelekee mwanangu. Njia nzima nilikuwa nasali rozari na kujiona mtu mkubwa mbele za Mungu. Wakanitoa damu, wakaniambia nisubiri kwenye benchi. Pale kwenye benchi niliitoa tena rozari. Nikasali tena, lakini si kwa ajili ya Revelian. Nilimwomba Mungu wasinichukue.

Daktari akaja akasema nina sukari na umri umepita, sifai. Nilishukuru, mwanangu. Nilitoka pale mwepesi kama kijana, nikaagiza chai na chapati. Nikiwa katikati ya chapati ndipo nilipokumbuka kuwa mtoto wangu anakufa.

Nimefundisha habari za Mwanakondoo maisha yangu yote, sikuwahi kuwaza habari za shingo yake. Bado naamini alijitoa kwa ajili yetu. Lakini alijitoa yeye. Waliokaa kikao wakaamua mmoja afe ili wengine wapone walikuwa Kayafa na wenzake. Na mimi nilikaa kikao.

Basi nakuuliza sasa, jambo ambalo nilipaswa kuanza nalo. Je, unataka? Ukisema hapana, nitasimama mbele ya ukoo niseme hapana hiyo ni yangu pia.

Baba yako anayekupenda,
Theonest


Chanika, 11 Septemba 2025

Baba yangu, shikamoo.

Pole kwa safari ya Bukoba, na pole kwa sukari. Asante kwa kuniuliza.

Nilidhani nikishaulizwa tu moyo utafunguka niseme ndiyo. Nimeungoja, haukufunguka. Hapana, Baba. Naogopa, na sitaki. Barua za namna hii nimeshazichana kadhaa; hii naituma kabla mkono haujabadili nia. Kesho naenda Manzese nimwambie kaka kwa mdomo wangu.

Mwanao,
Felicitas


Manzese, 23 Novemba 2025

Baba, shikamoo.

Vipi afya, na dawa za sukari unameza? Nimesikia ulisimama kwenye kikao ukasema uliyoniahidi, na wengine wakatoka bila kukuaga. Pole, Baba.

Siku ile nilipomwambia kaka, aligeukia ukutani. Anjelina akanishika mkono akanitoa nje. Nilijua ananifukuza. Akaniuliza tu, "Wifi, yule daktari anapatikana siku gani?" Nikamuuliza anamtakia nini.

"Ukoo wenu umekaa vikao tangu Pasaka," alisema. "Mie hakuna aliyeniuliza. Mie si damu yenu, na nina watoto. Nilikuwa nawasubiri nyie, maana nilidhani mna haki ya kutangulia."

Alikwenda kupimwa peke yake. Vipimo vikakubali. Siku ya majibu nilimsindikiza na watoto; daktari akamfungia mlango kama alivyonifungia mie, naye akatoka mle kabla sijamaliza kuwanunulia watoto maji.

Walipasuliwa mwanzoni mwa mwezi huu. Kesho yake nesi aliunyanyua mfuko wa mkojo wa kaka, akatuonesha kama anavyooneshwa mtoto mchanga. Figo inafanya kazi, Baba. Anjelina bado ana maumivu, anatembea ameinama. Wanajumuiya walikuja kumwona, mmoja akamwita mwanakondoo wa nyumba hii. Akamjibu, "Mie ni mke wake," akawaomba waende apumzike.

Nimeomba ruhusa shuleni, nipo hapa nawahudumia. Sijatulia. Nikimwona wifi ameshika ubavu, na mie najishika. Asubuhi naona nilifanya sawa, jioni naona sikufanya. Sikuombi unipe jibu.

Kaka amerudi nyumbani jana. Leo alikuja jikoni, akasimama mlangoni nyuma yangu. Nilijua ni yeye kwa namna anavyovuta pumzi, nikaendelea kukoroga bila kugeuka. Mwisho akasema, "Uji huo usitie sukari nyingi, wamenikataza."

Ni neno lake la kwanza kwangu tangu Juni. Ule uji niliuacha ukaungua, nikaumwaga, nikampikia mwingine.

Mwanao,
Felicitas