Kazi Zinazojifunga Zenyewe

Jumatatu, 3 Machi

Leo mkuu wa kitengo chetu cha kompyuta ameniita ofisini kwake, akafunga mlango. Nikadhani nimeharibu mahali. Kumbe ni kazi mpya.

Mtumishi akiondoka hospitalini kwetu, tiketi, yaani fomu ya ombi, hufunguliwa kwenye mfumo wa huduma, na chini yake kuna kazi ndogondogo: funga barua pepe, zima kadi ya mlango, chukua kompyuta, mwondoe kwenye faili za wagonjwa. Kila kazi ina mwenyewe, na kila mwenyewe ana visingizio vyake. Mwezi uliopita ikagundulika karani aliyeacha kazi zamani bado anafungua faili za wagonjwa akiwa kwake. Aibu tupu. Sasa niunganishe kila kazi na mtiririko wake, programu ya kuifanya na kuifunga bila mtu kuigusa. Ofisi ya utumishi iandike tarehe ya mtu kuondoka, basi — mengine mashine imalize.

Nimefurahi, kwa nini nijifiche? Miaka yote ya kubadilisha pasiwedi za watu na kuchomoa karatasi zilizokwama kwenye printa. Leo nimepewa kitu cha kujenga.

Somo naye amefurahi. Tuna jina moja, meza zetu zinatazamana, na hakuna anayekumbuka nani alianza kumwita mwenziwe somo. Kasema nikikwama nimwite.

Jumatano, 5 Machi

Nimekwama. Mtiririko unazima kadi vizuri, lakini kazi yenyewe inabaki wazi kama haijaguswa. Nimehangaika asubuhi nzima. Somo akavuta kiti, tukaangalia pamoja — nilikuwa nimeuunganisha na tiketi nzima badala ya kazi iliyo chini yake. Tukarekebisha. Tukahitaji mtu wa kujaribia, nikaandika jina langu.

Narudi kutoka kula, mlango wa kitengo umenikataa. Mlinzi akaniuliza kama nimefukuzwa, na kama kiti changu ana ruhusa ya kukirithi. Nimecheka mpaka machozi. Somo akaja kunifungulia.

Jumatatu, 10 Machi

Imekubali! Leo kulikuwa na daktari wa usingizi anayehamia kwingine. Tumekaa tukitazama kazi zake zikijifunga, moja baada ya nyingine, kama taa za nyumba watu wakienda kulala. Zamani ilichukua wiki nzima na ugomvi juu yake.

Mkuu amepongeza sana. Kasema yanayofuata ni maombi ya pasiwedi, ya printa, ya akaunti mpya. Somo akatania: sasa sisi tutakula nini, upepo? Mkuu akacheka kidogo, akaangalia simu yake.

Nyumbani, mume wangu hakuuliza kitu. Yeye yuko utumishi, ghorofa ya juu, na tangu tuoane tuna mwiko wetu: habari za kazi zinaishia getini. Leo nimeuvunja kidogo, nikamwambia imefanikiwa. Akasema hongera. Akaacha chakula nusu sahani. Kichwa kinamuuma, kasema.

Jumatano, 12 Machi

Nimeona.

Nilikuwa nakagua foleni ya mtiririko. Kuna tiketi kumi na moja zinangoja tarehe moja, mwisho wa mwezi. Zote zimefunguliwa kwa akaunti ya mume wangu. Na kati yazo, jina langu.

Nikavuta skrini karibu. Kisha nikasoma jina la baba lililolifuata. Si la baba yangu. Ni la baba yake Somo.

Nikashusha pumzi. Naliandika kwa sababu hakuna atakayelisoma: nilishusha pumzi, nikamshukuru Mungu. Na Somo mwenyewe yuko hapo mbele yangu, anamwelekeza muuguzi kwa simu namna ya kuwasha skrini, taratibu, kama anamvusha mtoto barabara.

Alhamisi, 13 Machi

Jana nilishindwa. Leo asubuhi nimemwuliza mume wangu, akiwa anafunga kamba za viatu: tiketi ya Somo umeifungua wewe? Hakuinua kichwa. Akasema jina la aliyefungua linaonekana, namwuliza ya nini.

"Tangu lini unajua?"

"Kabla hujapewa kuijenga."

Nikakaa kitandani. Akaeleza polepole, bila kunitazama. Kitengo chetu kilitakiwa kupunguza mtu, na kura ilikuwa kati yangu na Somo. Mkuu alikuwa hajaamua. Ni yeye, mume wangu, aliyemshauri ile kazi anipe mimi, maana anayeujenga mtiririko lazima abaki kuutunza.

"Ungeniambia, ningekataa."

"Ndiyo maana sikukwambia." Akasimama. Akachukua funguo, akazirudisha mezani, akazichukua tena. "Ningefanyaje, mama watoto? Nikuandike wewe?"

Nikainuka, nikaanza kutandika kitanda. 

Jioni, kama vile tumetegewa, Somo huyo mlangoni, uso umejaa furaha. Amepata nyumba karibu na hospitali. Wale watoto wa marehemu dada yake anaowalea sasa watakwenda shule kwa miguu. Anahama Jumamosi hii hii. Akamwambia mume wangu, shemeji, lile kabati langu si mzigo wa wanawake, utanisaidia? Mume wangu akasema atakuja, gari ataazima kwa jirani. Akamwongezea chai. Hakumwaga hata tone. Mimi nikaenda jikoni nikafungulia bomba, maji yamwagike, nisisikie.

Ijumaa, 14 Machi

Nimemwambia.

Ngazi za nyuma, wanakopitisha mashuka ya wodini. Najua nilitia sahihi kiapo cha kutunza siri za mfumo. Lakini nimwache ahamishe watoto, halafu apewe barua akiwa bado hajatundika mapazia? Nikasema habari ya tiketi yake kwa pumzi moja, nikitazama ukuta.

Kwanza aliuliza ni mwisho wa mwezi huu au ujao. Huu. Halafu akauliza kama naweza kuisimamisha. Nikamwambia ukweli: naweza kukata kiungo, kadi yake isizimwe, barua pepe isifungwe. Lakini mtiririko ni mkono tu. Kichwa kiko ghorofa ya juu, na kimeshaamua.

 Mfanyakazi wa dobi akapita na kikapu, tukabana ukutani kumpisha, tukamsalimia vizuri.

"Nani ameifungua?"

"Utumishi."

"Utumishi wako watatu, somo. Mmoja wao jana kanimiminia chai."

Nikatazama viatu vyangu. Hilo likamtosha.

Hakulia. Alinyoosha kamba ya kitambulisho chake shingoni, akasema wodi ya watoto wanangoja printa, akashuka. Mchana kutwa amefanya kazi mbele yangu. Simu ikilia, anaiwahi kabla yangu. Hakuninyima salamu wakati wa kutoka, na hilo ndilo limeniumiza zaidi.

Kilichobaki sikumwambia — kwamba ilikuwa mimi au yeye. Kwamba kiti alichonivutia siku ile nimekwama, alikuwa anajiondolea chake mwenyewe.

Jumamosi, 15 Machi

Asubuhi. Gari la jirani liko nje. Mume wangu ameweka kamba na mablanketi mawili ya kulikinga kabati lisichubuke. Anapiga mluzi. Wiki nzima sijamsikia akipiga mluzi. Nadhani anaamini kulibeba kabati hilo kutapunguza kitu.

Hajui kama Somo anajua. Jana nilikusudia kumwambia. Nikajifanya nimelala.

Sasa hivi meseji imeingia, ya Somo:

"Nyumba nimeiacha. Ya zamani wamenikubalia nibaki. Ila shemeji aje kama alivyoahidi. Nina swali moja kwake. Kwa nini mimi na si wewe."

Hakuweka alama ya kuuliza. Hakuniita somo.

Nikimwambia mume wangu asiende, atajua nimetoa siri, na Jumatatu itabidi achague tena, safari hii kati yangu na kiapo chake cha kuripoti atoaye siri. Nikimwacha aende, atafika na kamba zake na mablanketi yake, aulizwe. Yeye si mwongo. Kunificha alinificha, lakini nilipomwuliza usoni, alinijibu, na Somo naye atamwambia yote.

Ameniita kutoka nje: nakuja kumsaidia Somo kupanga vyombo, au nabaki? Nimejibu naja. Sijui kwa nini nimesema naja.

Amewasha gari. Amepiga honi mara moja, kwa upole, kama afanyavyo siku zote. Bado nimekaa kitandani, simu mkono mmoja, kalamu mkono mwingine, na nasikia anafungua mlango wa gari ashuke aje kuniangalia.