Pua ya Ukumbi wa Watatu

Jumatatu, 6 Januari
Homa imeondoka, na imeondoka na kitu changu. Asubuhi nimekunywa kahawa — maji ya moto. Mkate umeungua nami nimekaa pale pale, nimeshtuliwa na moshi machoni. Nimenusa sabuni, siki, soksi za mume wangu. Patupu, si harufu si ladha.

Nimekwenda kazini hivyo hivyo. Eero, mkubwa wetu kazini, alishafungua pipa jipya la pombe yake nyeusi, ananingoja. Ndiyo desturi yetu tangu tuuchukue ukumbi huu, wapika bia watatu, kaunta moja, chumba cha baridi kimoja: hakiuzwi kitu kabla mimi, Marit, sijaonja. Mzee yule huniita Pua, hata mbele ya wateja. Nimeonja. Baridi, povu, basi.

Nikasema safi. Kwa nini nilisema safi?

Alhamisi, 9 Januari
Daktari: huenda itarudi, huenda isirudi. Ninuse karafuu kila asubuhi. Nanusa kama mjinga. Sijamwambia mtu. Nikisema, mimi ni nani pale? Upishi wangu wa bia ni wa kawaida. Heshima yote ni ya pua.

Jumamosi, 11 Januari
Ukumbi umefurika. Wavuvi wametoka ziwani kutoboa barafu, ndevu zinadondosha maji, wanataka supu na bia kwa pamoja. Delphine, mdogo kati yetu watatu, kaleta pombe yake mpya ya cheri. Zake huchachushwa makusudi, kwa hamira ya porini, ambayo ikigusa pombe nyingine huiharibu, ndiyo maana Eero humtazama kwa jicho la pembeni.

Sasa naonja kwa macho. Namtazama mwenye pombe: akitabasamu nasifu, akisita nasita. Delphine alitabasamu. Nikasifu. Kanikumbatia. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Jumanne, 14 Januari
Limefumuka. Bibi Tollefson, ambaye hakosi kuja kila wiki, amerudisha glasi ya pombe nyeusi. Kasema kwa adabu kwamba imechacha. Kisha mwingine, na mwingine. Pipa lile lile nililosema safi!

Eero hakunilaumu. Ndilo linaloniua. Akasema kama Pua iliipitisha, basi imeharibika baadaye, kwenye mpira wa bomba, na hamira ya porini humu ndani ni ya nani? Delphine akajibu kwamba mipira yake huiosha kila siku, kwa mkono wake mwenyewe. Sauti zikapanda. Halafu wote wawili wakanigeukia mimi.

"Onja, Marit, utoe hukumu," Eero alisema. "Ukisema ni hamira yake, ni yake."

Nikaonja. Maji. Watu wananitazama.

"Ni yake," nikasema.

Limetoka hilo. Kinywani mwangu mimi.

Jumatano, 15 Januari
Eero anataka Delphine aondoke kabla ya Jumapili. Nimeitikia kwa kichwa. Delphine hakulia. Kaanza kufunga vitu vyake, anavifuta kimoja kimoja. Aliacha unesi kwa ajili ya pombe hizi.

Nimetapika nyumbani. Hata matapishi hayanuki.

Nitamwambia kesho.

Alhamisi, 16 Januari
Sikumwambia.

Ijumaa, 17 Januari
Naandika ndani ya chumba cha baridi, nimekalia pipa, vidole vimekufa ganzi. Eero na Delphine wananingoja nje.

Delphine alikuja na glasi mbili, zote za pombe nyeusi ya Eero. Moja ya pipa lililochacha, nyingine ya pipa la Desemba, nzima kabisa. Ipi ni ipi anajua yeye. Kasema ameionja tena na tena, haioni hamira yake mle, lakini labda pua yake bado changa.

"Nionyeshe, dada," kaniambia. "Nijue nilipokosea, niende kwa amani."

Usoni hana kejeli hata chembe. Eero akasema sawa, hiyo ni haki yake. Mimi nikasema nahitaji utulivu, nikazichukua glasi, nikajifungia huku.

Nimezinywa zote mbili hadi nusu. Baridi na baridi. Nimeziinua kwenye taa: weusi ule ule, povu lile lile. Naweza kubahatisha. Nikipatia, anaondoka yeye. Nikikosea, naondoka mimi. Mungu wangu, nimekaa hapa napima ipi afadhali!

Hatua. Mtu kaegemea mlango. Si Eero, yeye namsikia anakohoa kule kaunta.

"Marit." Ni Delphine, anasema chini chini, mzee asisikie. "Kama huwezi, sema tu kwamba huwezi."

Anajua. Tangu lini anajua?

Bado yupo, namsikia anapumua. Wino unagoma kwa baridi. Nimeshika komeo, nifungue niseme siwezi, na —