Vidole Vinne Chini

Kaunti ya Potter, Pennsylvania
9 Septemba 1990

Kwa mwanangu Twila,

Habari za huko jangwani? Natumai u mzima na kazi ya kushona maturubai inakwenda. Mimi mzima. Goti linauma mvua ikikaribia, masikio ndiyo yaleyale, kelele za msumeno ziliyala zamani. Usinipigie simu tena, maana nilijibu "ndiyo" mara sita na sijui nilikubali nini.

Nina shida ya kitambaa. Nimelitoa gobore la ndugu yako Lowell kabatini. Wenzake wa kambi ya uwindaji walikuja, Orvis ndiye msemaji wao, wakasema msimu wa kuwinda kulungu kwa magobore ya gumegume baada ya Krismasi nafasi ya Lowell pale kwenye misonobari iko wazi, na ni juu yangu kuikalia au waigawe. Nikawaambia nitaikalia. Sijui kwa nini nilisema hivyo.

Basi nimekuwa nikilijaribu nyuma ya ghala, hatua hamsini, karatasi imegongomewa ubaoni. Risasi tano zimetawanyika upana wa sinia. Orvis akaniambia, "Clair, kulungu wako salama, ila ng'ombe wangu uwafungie ndani." Nimeokota vile vitambaa vya kuviringishia risasi, vimeungua katikati na kuchanika pembeni. Ni vyepesi mno. Nitafutie kitambaa cha godoro, kile kizito cha mistari ya buluu, kilichofumwa kwa kubana.

Uliniuliza kuhusu ajali iliyomuua. Nimeshasema. Ile njia panda iko wazi, lori la mawe lilitoka mkono wa kulia mchana kweupe, hata kipofu angeliona. Hakuangalia. Alikuwa hivyo tangu mdogo. Sina la kuongeza.

Ni mimi,
Baba yako


Tucson, Arizona
24 Septemba 1990

Baba,

Shikamoo. Barua yako imenikuta salama. Huku joto halijapungua, tunashona na feni mbili na bado uzi unatuteleza vidoleni. Nakula vizuri, usiulize.

Nimekuwekea vitambaa vya aina tatu. Nimevifua mara mbili kutoa wanga, maana Lowell aliniambia siku moja kwamba wanga unaungua na kuacha ukoko ndani ya mtutu. Kile kizito kabisa kina alama ya uzi mwekundu. Anza na hicho.

Baba, umeandika jina lake mara mbili tu katika ukurasa mzima. Mimi nalitaja kila siku kwa sauti nikiwa jikoni, nisije nikalisahau namna ya kulitamka. Halafu nakaa. Silii. Nadhani nilitegemea kulia zaidi ya hivi.

Kuhusu njia panda kuna jambo, ila si la kuandika haraka haraka. Niache kwanza.

Mwanao,
Twila


Potter
14 Oktoba 1990

Twila mwanangu,

Nakusalimu. Mimi sijambo, baridi imeanza, majani yote yako chini. Nimekula mayai ya siki wiki nzima kwa sababu yapo.

Kitambaa cha uzi mwekundu ndicho chenyewe. Nimekipaka mafuta ya dubu yaliyochanganywa na nta. Nimepunguza baruti kidogo kidogo mpaka nikafika pale gobore lilipotulia, na kila baada ya mlio napitisha kitambaa chenye mate ndani ya mtutu ili risasi ya pili ikute njia kama ile ya kwanza. Kwenye mdeki, ule mti wa kushindilia, Lowell alichonga pete ndogo kuonyesha risasi ikifika mwisho mti ubaki wapi. Nashindilia mpaka pete iguse mdomo wa mtutu, basi. Risasi tano sasa zinafunikwa na kisahani cha chai.

Tatizo ni kwamba kisahani chenyewe hakiko mahali pake. Kiko kulia kwa kiganja na chini kwa vidole vinne. Kila siku palepale. Yule kijana alichonga kila kitu kwa subira, vilengeo akavifunga kama mlevi. Na kile kitako, pale pa kuweka shavu, amekwangua shimo la ajabu. Alipokileta nilimwambia kimelambwa na ng'ombe. Akacheka, akasema, "Ng'ombe wangu ana ulimi mzuri, Baba."

Nitakigonga kilengeo cha nyuma kiende kushoto, na cha mbele nitakipunguza kwa tupa. Ukikata shaba ya mbele risasi inapanda. Ni kazi ya nusu saa. Nikimaliza mahindi ya Orvis nitaifanya.

Lile jambo lako liandike au uliache. Usinining'inize.

Baba yako


Tucson
19 Oktoba 1990

Baba,

Shikamoo. Sitauliza afya, nisamehe. Usiliguse gobore. Soma kwanza.

Lowell alikuwa haoni kwa jicho la kulia. Miaka minne. Unakumbuka kile kibanzi cha mwaloni kilichomrukia kiwandani, akakwambia ni vumbi tu? Nilimpeleka mimi kwa daktari wa macho. Daktari alisema jicho litabaki zuri kwa nje, ila halitaona tena. Tulikaa kwenye gari nje ya pale, akaninunulia soda, akaniambia, "Dada, Mzee akijua, lori la magogo sitaliendesha tena. Kazi nyingine naijua ipi?" Akaniapisha. Nikaapa.

Hakutaka kuhamia bega la kushoto kwa sababu ungemwona. Kwa hiyo alikuwa analaza shingo juu ya kitako na kuliinamisha gobore kidogo kuelekea usoni, ili alenge kwa jicho la kushoto. Shimo la shavu alilikwangua kwa ajili hiyo. Na kwa kuwa jicho lenyewe lilikuwa limechoka, hakuweza kubana ncha ya shaba ya mbele ndani ya mfuo wa kilengeo cha nyuma, aliiacha ionekane nzima juu yake. Vilengeo havikukosewa, Baba. Vilifungwa kwa shingo yake na kwa jicho lake.

Na lori lilitoka kulia.

Ningesema, angekuwa hai. Hilo nimelijua tangu siku ya mazishi, nilipokuwa nimesimama karibu nawe na wewe unamwambia mchungaji kwamba mwanao hakuwa mwangalifu. Nilinyamaza tena.

Niandikie lolote, hata matusi.

Twila


Tucson
30 Novemba 1990

Baba,

Shikamoo. Sikukuu ya Shukrani imepita. Nilioka kuku, bata mzinga ni mkubwa mno kwa mtu mmoja. Niliweka sahani mbili mezani bila kufikiri, nikairudisha moja.

Nimempigia Orvis. Anasema u mzima, unanunua mkate, husemi na mtu. Basi nimejua barua ilifika.

Sitakusumbua tena mpaka uandike.

Mwanao, kama bado,
Twila


Potter
1 Januari 1991

Twila mwanangu,

Heri ya mwaka mpya. Leo nimepika nguruwe na kabichi chachu kama alivyokuwa akifanya marehemu mama yako, ili mwaka uwe mwema, ingawa sikusikia ladha. Mimi mzima. Wewe ni mwanangu, sijui hilo neno "kama" ulilitoa wapi.

Barua yako ilifika siku ya Alhamisi. Tupa nilikuwa nimeipitisha Jumanne. Vumbi la shaba lilikuwa bado mezani, kidogo tu, hata kijiko hakijai. Nililikusanya kwa kipande cha karatasi. Liko kwenye mkebe wa vifungo na sijui la kufanya nalo.

Umekaa wiki kumi ukidhani nimekukasirikia. Sikuwa na hasira. Sikuwa na kitu chochote. Nilikuwa naamka, nawasha jiko, nakaa.

Kilengeo cha nyuma nilikirudisha. Lowell alikuwa amepiga mstari mwembamba kwa ncha ya msumari kwenye kilengeo na kwenye mtutu kuonyesha mahali pake, nikagonga mpaka mstari ukakutana na mstari. Kisha nikaenda nyuma ya ghala, nikalaza shingo kama ulivyosema, nikafumba jicho la kulia. Shavu liliingia kwenye lile shimo moja kwa moja. Nilipiga tano. Kwa upande, katikati kabisa, Twila, unywele haupiti. Kwa juu zimepanda vidole vinne, kwa sababu ya tupa yangu. Orvis akasema nipachike shaba mpya. Nikamwambia hapana. Nitalenga chini.

Tarehe ishirini na nane nilikaa mahali pake kwenye misonobari. Hapo ukikaa unaona upande wa kushoto tu, kulia kuna jabali. Nilikuwa nikijiuliza kwa nini alipachagua. Akaja kulungu jike peke yake, hatua arobaini. Nikalaza shingo, nikashusha vidole vinne, akaanguka palepale. Wale wenzake wa kambi walikuja kunipa mkono. Orvis akasema, "Umeshika gobore kama Lowell." Kumbe wote walikuwa wameona anavyolishika, wakadhani ni maringo yake tu. Nimekutengea paja moja, lipo kwenye friza ya Orvis.

Sasa lile la kwako. Ndiyo, ungesema, ningempokonya funguo siku hiyohiyo. Angenichukia mpaka uzeeni, na angekuwa hai ananichukia. Siwezi kukudanganya kuhusu hilo. Lakini wewe ulimwona kwa daktari mara moja. Mimi nilisimama naye nyuma ya ghala misimu minne, hatua mbili kutoka alipo, anajipinda shingo mbele yangu, na kila alipopiga nilikuwa naangalia karatasi.

Njoo Pasaka. Nitakuja kukupokea kituo cha basi. Nitaendesha polepole, na pale njia panda utaniangalizia upande wa kulia.

Baba yako