Nimemsamehe, Ila Kesi Siifuti

Kibosho, Moshi

Mama yangu mzazi, shikamoo. Goti lako linaendeleaje na baridi hii? Najua simu huisikii vizuri, ndiyo maana naandika. Mdogo wangu akusomee polepole, asiruke kitu. Huku mimi, mkweo na wajukuu tunamshukuru Mungu, isipokuwa mkono wangu wa kushoto umefungwa hogo, ile plasta ngumu ya hospitali. Usishtuke, Mama. Mfupa unaunga.

Ilikuwa asubuhi, napeleka maziwa mjini kwa baiskeli kama siku zote. Kufika kwenye kivuko cha wanafunzi nikashuka, nikaikokota baiskeli juu ya ile mistari myeupe kama sheria inavyotaka. Lori likasimama kunipisha. Gari dogo lililokuwa nyuma halikuwa na subira, likalipita lori, likanizoa. Maziwa yote yakaishia kwenye lami. Dereva ni kijana wa hapa hapa, tunasali naye.

Jumapili yake wazee wa ukoo wake wakaja, wakanikabidhi jani moja refu la kijani. Nikadhani ni ua la kumpa mgonjwa pole! Nikashukuru, nikalitia kwenye jagi la maji. Walipoondoka, mwenye nyumba wangu alicheka hadi akakaa chini.

"Baba Ester, hilo ni isale! Mchagga akikuletea anaomba radhi, na wewe umeshapokea. Yamekwisha. Kesho nenda polisi ukafute kesi."

"Kumsamehe nimemsamehe, tena kwa moyo wote. Kesi siifuti."

"Nyie Wasukuma! Angegonga ng'ombe wako si ungedai gari zima?"

"Pale hawavuki ng'ombe. Wanavuka watoto."

Tangu hapo amenuna, na sasa anasema chumba chetu anakihitaji. Akichukue. Wengine wananiambia isale halichezewi. Mama, sichezi nalo. Yule kijana namtaja kwenye rozari yangu. Lakini msamaha wangu hauweki tuta barabarani. Hata askari aliyeandika maelezo aliniambia, "Mzee, barabara ni ya magari, ungeangalia." Nikamuuliza, ile mistari mlimchorea nani? Akainamia karatasi zake. Basi nitasema mbele ya hakimu: pale pawekwe tuta, na pembeni tupewe njia sisi wa baiskeli na akina mama wanaoshusha ndizi kichwani, maana sasa tunatembea mtaroni. Sheria ikinyamaza kwa sababu mimi nimesamehe, atagongwa mtoto, na nyumba nyingine italetewa jani.

Jumapili iliyopita, wakati wa kutakiana amani, kijana alikuja mwenyewe hadi kwenye benchi langu. Nikampa mkono ulio mzima. "Amani iwe nawe, mdogo wangu. Mahakamani tutaonana."

Akajibu, "Nitakuja, kaka."

Nisalimie shangazi anayekukandia goti, kaka mkubwa na mifugo yake, na katekista aliyenifundisha kusoma.

Nitasimama mbele ya hakimu mwezi ujao, na sitaki kusimama bila baraka yako. Nakuomba unijibu upesi.

Mwanao,
Masanja